Majivu ya Nyirabahire

Hakuna mahali, kuanzia Chonyonyo hadi ng'ambo ya Nyakatuntu, ambapo habari hii imepata kusimuliwa kwa ukweli kuliko hapa, ukiacha nyumbani kwa Auleria mwenyewe, aliyekuwepo, na ukiacha mbuzi wake, aliyekuwepo pia na ambaye hajawahi kuongeza chumvi. Hapa imeongezwa kidogo. Ndizi zisizotiwa chumvi hazishuki.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nane, mwanzo wa masika, alasiri ya kawaida. Auleria alikuwa amekaa chini jikoni, miguu ameinyoosha, akimenya ndizi za jioni na kuangushia maganda kwenye jani la mgomba, wakati binti yake Kokugonza alipoingia na kumwomba mtambo wa gongo.

"Mtambo upi?" Auleria akauliza, maana mitambo hiyo ilikuwa marufuku, na yeye alikuwa mtu wa jumuiya ya sala.

"Ulio chini ya kitanda chako, mama."

"Ah. Huo."

Kokugonza alikuwa amesoma kemia Dar es Salaam mpaka akakabidhiwa maabara. Halafu maabara ikakosa umeme, ikakosa gesi, mwishowe ikakosa hata chupa, naye akarudi kwa mama yake na sanduku moja la nguo. Kazi yake ilikuwa kubuni molekuli zinazong'aa, tena ziwe zinabadili rangi kufuatana na uchachu wa mahali zilipo. Alimweleza mama yake hivyo siku aliyofika. Auleria akauliza kama zinalipa. Kokugonza akasema hapana.

"Basi ni kama watoto," Auleria akasema, akamsogezea kigoda.

Tangu siku hiyo ukuta wa jiko ulikuwa umejaa michoro ya mkaa. Kokugonza alichora pembesita tatu zilizoshikana kama masega ya nyuki. Hiyo ndiyo taa. Kwenye taa akaunganisha mkia mfupi. Hiyo ndiyo shingo. Mwisho wa shingo akaweka herufi moja, akaizungushia duara. Huo ndio mlango.

"Kila kitu kichachu kina vijichembe vyake," alimweleza mama yake. "Vidogo kuliko chochote unachoweza kukifikiria."

"Kuliko akili ya shemeji yangu Projest?"

"Vinakaribiana. Sasa, penye uchachu vijichembe ni vingi, vinabisha hodi. Kimoja kikiingia mlangoni kikakaa, taa inageuka rangi ya chungwa. Pasipo na uchachu hakuna wa kubisha hodi, taa inabaki buluu."

"Na yule mgeni akiondoka?"

"Inarudi buluu."

"Ungesema tu kwamba unajenga gesti," Auleria akasema.

Molekuli ya kwanza iling'aa ndani ya maziwa ya mbuzi peke yake. Ya pili iling'aa vizuri, lakini ilizimika kila ilipotazamwa. Ya tatu ikawa ya kijani kwa kila kitu, kwa ndimu, kwa magadi, kwa maji ya kisima, ikikubaliana na yeyote aliyeisogelea, na Auleria akasema hiyo ingefaa ubunge. Kokugonza alifuta ukuta kwa kitambaa kibichi, akahamisha mlango, akarefusha shingo kidogo, kisha akapika upya: vidonge vya klorokwini, magome, maji yaliyochujwa kwenye majivu, vyote ndani ya pipa la gongo, mvuke ukipita kwenye mrija wa shaba na kudondokea kwenye sufuria ya mama yake. Ya nne ikatii. Tone lake kwenye ndimu likawa chungwa, kwenye maji ya majivu likawa buluu. Ilikunywa jua mchana na kulitapika jioni, bila kuhitaji moto wala betri.

Alichotaka ni kitu kidogo tu. Mibuni ya mama yake ilikuwa ikinyauka, naye alitaka kujua udongo umechachuka wapi ili majivu yapelekwe huko.

Maana udongo wa huku, ukiachwa ulivyoumbwa, ni mchachu. Nenda kwenye rweya, yale malisho ya wazi yasiyo na mwenyewe, utakuta majani tu na upepo. Kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, hakikutwi, kinatengenezwa. Mwanamke anaamka, anazoa majivu ya mafiga, anazoa samadi, maganda, matandazo, anabeba, anamwaga. Kesho tena. Akifa, mke wa mwanawe anaokota kapu lilelile. Baada ya hapo ndipo ardhi inakuwa nyeusi na tamu, na wanaume wanaanza kuigombania.

Kibanja cha Auleria kilikuwa kimegombaniwa tayari. Mumewe Kahigi alikufa mwaka wa vita, ingawa si kwa vita bali kwa tumbo, akazikwa ndani ya migomba upande wa juu, na kando yake pakaachwa nafasi ya mkewe. Auleria aliichagua mwenyewe. Halafu, msimu mmoja baada ya matanga kusahaulika, milamula ya mpakani ilionekana imesimama upande wa huku wa kaburi, wakati zamani ilisimama upande wa kule, mbali kabisa, karibu na kichuguu. Mlamula ni ule mmea mrefu mwembamba wa majani mapana unaopandwa mpakani, na jirani wa upande wa pili wa mpaka ule alikuwa Projest, mdogo wake Kahigi.

Hakuna aliyeiona ikihama. Tena haiwezi kuhama, kwa sababu kung'oa mlamula ni mwiko mzito. Anayeung'oa anajiletea balaa yeye na uzao wake, na hakuna mtu mwenye akili atakayethubutu. Kwa kuwa hakuna atakayethubutu, Projest alisema, basi haikung'olewa. Kwa kuwa haikung'olewa, iko palepale ilipokuwa. Balozi wa nyumba kumi, mzee Melkiory, aliipima hoja hiyo kila upande na kuiona haina tundu.

Kwa hiyo Auleria alikuwa akiomba ruhusa kupalilia kaburi la mumewe. Projest hakuwa mtu katili. Aliitoa, mara nyingi. Lakini mahali ambapo Auleria alipanga kulala siku yake ikifika palikuwa sasa ndani ya shamba la mtu, naye alikuwa na kifua kibovu, na kila alipokohoa alikumbuka.

Siku ya gulio, Projest alipokwenda kuuza jogoo, Kokugonza alivaa mgongoni bomba la kupulizia mikahawa akapulizia kibanja chote cha mama yake. Alipofika kwenye milamula hakusimama. Alipulizia ukanda ule wenye kaburi, akapita kichuguu, akapulizia na mistari michache ya migomba ya Projest mwenyewe, kwa ajili ya kulinganisha. Kisha akarudi, akaosha bomba, akala kiporo.

Jua lilipozama kibanja kikawaka.

Hakikuwaka kama moto. Ulikuwa mwanga wa chini, uliotulia, uliotoka ndani ya udongo na kuyaangaza majani ya migomba kwa chini, mahali ambapo mwanga hauna desturi ya kutokea. Ulianzia mlango wa jiko, ukatanuka mbele kama kanga iliyoanikwa, buluu yote. Zizi la zamani, lililobomolewa Kokugonza akiwa mdogo, lilikuwa hapo tena, duara zima na mlango wake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na doa moja la rangi ya chungwa, upana wa sinia.

Auleria alilitambua mara moja. "Baba yako," akasema. "Nilimwambia choo kipo."

Waliifuata buluu. Ilipita chini ya milamula bila hata kupunguza mwendo, ikaufunika ukanda wote, ikafika kwenye kichuguu, na hapo ikakoma kwa mstari ulionyooka kama ukingo wa meza. Ng'ambo ya mstari, migomba ya Projest ilisimama juu ya chungwa iliyofifia kama makaa yanayokufa. Nyumbani kwa Projest majivu yalimwagwa njiani. Na juu ya mstari wenyewe, kwa nafasi zilizolingana, kulikuwa na matundu ya chungwa ndani ya buluu, kama vifungo kwenye shati. Yalikuwa mashimo ya milamula ya zamani. Aliyeing'oa alikuwa ameyafukia vizuri, akashindilia, akatandaza majani juu yake. Kosa lake lilikuwa moja, kwamba udongo wa kufukia aliuchota rweya.

Kaburi la Kahigi halikuwa na rangi. Lilikuwa jeusi, urefu wa mtu. Kando yake, pale ambapo hapajawahi kuchimbwa, palikuwa na weusi mwingine wa umbo lilelile, mfupi kidogo. Udongo pale haukuwa mchachu wala mtamu. Ulikuwa unasubiri.

Auleria alivua kandambili akalala juu yake, mikono kifuani, akatazama juu.

"Pananitosha," akasema. "Miguu tu inatokeza."

"Utakuwa umepungua, mama."

"Kweli."

Akanyanyuka, akajipangusa, wakaenda kuepua ndizi.

Jioni iliyofuata kulikuwa na nyayo. Zilikuwa buluu iliyokolea ndani ya buluu ya kawaida, nyayo ndogo za mtu anayetembea polepole. Zilianza mlangoni mwa jiko na kwenda juu, unyayo baada ya unyayo, zikijitokeza huku wanaziangalia. Mguu wa kulia haukuwa na kidole cha mwisho. Nyayo zilivuka milamula, zikafika kwenye ukanda, zikasimama. Mbele yake udongo ukang'aa ghafla kwa umbo la upepeo, kama kitu kimemwagwa kutoka kwenye kapu. Kisha zikageuka na kurudi.

Auleria aliujua mguu ule. Aliuosha kwa miaka mingi. Ulikuwa wa mama mkwe wake, Nyirabahire, mama wa Kahigi na Projest, aliyetoka Rwanda akiwa msichana na kapu kichwani, na ambaye kidole chake cha mwisho kililiwa na funza kabla hata hajaolewa. Alikuwa amekufa zamani. Kumbe kazi hakuacha.

Tangu hapo Auleria alikuwa akizoa majivu alasiri na kuliacha kapu mlangoni. Asubuhi alilikuta tupu, limegeuzwa juu chini kama alivyopenda marehemu. Jambo hilo lilimpunguzia safari, na mgongo wake ukapata nafuu.

Projest aliziona nyayo siku ya tatu. Alikuwa amekuja kuuliza kwa nini shamba lake linawaka. Alisimama upande wake wa milamula, shati limefungwa mpaka shingoni, akamwangalia mama yake akija kumwaga majivu na kuondoka.

"Shikamoo, baba mdogo," Kokugonza akasema.

"Marahaba." Akakohoa kidogo. "Huyo ni mama?"

"Ni mama yenu, shemeji," Auleria akajibu. "Mbona umemsahau? Anavuka hapo kila siku. Huo mpaka wako hajauzoea."

"Mama alikuwa mzee sana," Projest akasema. "Siku za mwisho alikuwa anapotea."

Mvua zikapita, migomba ikanywa kilichokuwa ardhini, na ikadhihirika kwamba rangi ilipanda. Mikungu ilipokomaa na kupikwa, aliyekula ndizi za Auleria alikuwa na mdomo wa buluu gizani. Ukifunga mdomo, giza, ukifungua, mwanga. Kokugonza alisema kisayansi haiwezekani, kwa sababu rangi inapaswa kufuata uchachu wa mdomoni, si wa shambani ndizi zilikotoka.

"Labda mdomoni kwako," mama yake akasema, akampakulia tena.

Mwaka ule mafuta ya taa yalikuwa yakija kwa bahati. Wao wakiishiwa walizungumza. Kokugonza akitafuta sindano, mama yake alisimulia habari ya harusi ya shangazi, polepole, akigeuza uso huku na huku mpaka sindano ikaonekana. Wageni waliokula kwa Auleria walirudi makwao wakiimba, ili waione njia. Mistari ile ya Projest iliyopuliziwa nayo ilitoa ndizi zake, lakini hizo zilimwacha mtu na mdomo wa chungwa, kama aliyetafuna kaa la moto. Watu walizoea. Mchana, au penye taa, hakuna kilichoonekana, kwa hiyo hata kanisani hapakuwa na usumbufu.

Auleria akaona sasa ushahidi upo. Akaenda kwa Balozi Melkiory, akambembeleza baraza likae jioni, mara hiyo moja. Balozi akaja na wazee wawili na fimbo yake. Projest akaja na Mbonimpa, kibarua wake, mtu wa Burundi aliyekaa kwenye kibanda pembeni mwa shamba lake kwa hisani, na hisani yenyewe ilikuwa ya kufufuliwa kila msimu. Mbonimpa ndiye aliyechimba mashimo yote ya Projest tangu alipofika.

Walisubiri. Jua likaenda, ardhi ikawaka. Wazee walitembea juu ya buluu, wakaukagua mstari wa kwenye kichuguu, wakayainamia matundu ya chungwa. Mbonimpa alikuwa amesimama juu ya tundu mojawapo. Mengine hakuweza kuyafunika, kwa sababu alikuwa na miguu miwili tu.

"Mbonimpa," Balozi akauliza, "haya mashimo unayajua?"

"Mzee, mimi ni wa jembe. Mipaka ni ya wenyewe."

"Amejibu vizuri," Projest akasema.

Nyirabahire akapita katikati yao na majivu yake. Wazee wakampisha. Balozi akavua kofia, akasubiri amwage, akasubiri arudi, akaivaa tena.

"Tumeona," akasema. "Hakuna anayebisha. Buluu inafika kwenye kichuguu."

"Basi mpaka uko kwenye kichuguu," Auleria akasema.

"Mama Koku, taratibu. Mpaka ni milamula. Milamula iko hapa. Ili iende kule, itabidi ifanywe nini?"

Auleria akakigeukia kichuguu.

"Ing'olewe," Balozi akasema kwa huzuni. "Nani hapa ataing'oa? Mimi ninao wajukuu."

Wazee wawili wakaguna kukubali. Nao walikuwa na wajukuu.

"Mzee," Kokugonza akasema, "si ilishang'olewa mara moja?"

"Binti yangu, kwa sababu hiyohiyo. Mara moja imetosha."

Hukumu ikawa hivi. Ardhi ile ya ubishi ipumzike. Asiilime mtu, asikate mtu mkungu, asizikwe mtu, mpaka ukoo wote ukae. Ukoo ulikuwa haujakaa wote tangu uhuru. Na ili mtu asije kusema amependelea, Balozi alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo hatakula kwa Auleria wala kwa Projest, hata kahawa ya kutafuna hatapokea. Akaondoka na njaa yake, watu wakamsifu.

Auleria alipokohoa usiku ule alikohoa kirefu.

Ardhi ikapumzika, lakini mikungu haikupumzika. Kila mkungu wa kwenye ukanda ulipokomaa ulitoweka. Projest akasema ni tumbili. Auleria akaenda kukagua bila kukanyaga, ameshika mlamula na kuinama kwa mbele, akaona mikato safi, mkato mmoja kila mgomba.

"Tumbili wa siku hizi wana panga," akamwambia binti yake.

Jioni ileile akaenda kwa Projest kwa kisingizio cha kuomba moto. Alimkuta ameketi nje, gizani.

"Umeshindaje, shemeji?"

"Salama," Projest akasema, na ndani ya mdomo wake mkawa na chungwa hafifu, chungwa ya migomba yake mwenyewe, bila hata chembe ya buluu. Hakuwa amekula za kwenye ukanda. Kule alikolala kaka yake, na alikopita mama yake kila siku, hakuthubutu kula. Auleria alirudi nyumbani na moto wake akiwa hana raha. Alikuwa amejiandaa kumchukia kwa jambo hilo pia.

Ukafika Oktoba, mwezi wa Rozari, na sala zikawa zinazunguka nyumba kwa nyumba. Balozi Melkiory ndiye aliyekuwa kiongozi wa jumuiya, na mwaka ule alitaka watu wakutane saa kumi, jua lingali kali, wamalize mapema. Alikuwa amepata mafua ya ajabu. Mchana aliongea kama kawaida, lakini jua likishazama alijibu kwa kichwa. Watu walimpa pole, naye aliipokea kwa kichwa.

Siku ya zamu ya Auleria mvua ikanyesha tangu saa nane, kubwa, na watu wakafika wakiwa wamechelewa na kulowa, giza likiwa limeshaingia. Wakaacha viatu kibarazani. Wengine wakaviingiza ndani, vikachanganyika mlangoni na vya wenzao. Projest alikuwepo, Mbonimpa alikaa karibu na mlango. Auleria akawasha koroboi, akaiweka chini ya picha ya Familia Takatifu. Walisali mafumbo yote. Kwa mwanga wa koroboi Balozi aliongoza vizuri tu, sauti imerudi.

Baada ya amina ya mwisho Auleria akakohoa, akainama, akaubana utambi kwa vidole viwili.

"Mafuta ni ghali," akasema. "Tuongee tu."

Giza likawa kamili. Mvua ilikuwa imepungua, na nje, kwa wale waliokaa upande wa mlango, buluu ya kibanja ilionekana imetulia.

"Balozi," Auleria akasema, na swali lenyewe likaangaza magoti ya waliomkaribia, "mimi kifua hiki hakinipi muda. Nikifa wiki hii mtanilaza wapi? Nafasi yangu inaonekana hata ukiwa hapa. Ile pale."

Giza likabaki giza.

"Balozi, nimeuliza."

"Labda ametikisa kichwa," mtu mmoja akasema.

"Gizani hatuoni, mzee," Kokugonza akasema kwa adabu. "Itabidi useme."

Wakasubiri. Balozi alijikohoza akiwa amefunga mdomo. Akahema kwa pua. Watu wote kumi na zaidi walikuwa wamegeukia mahali alipo, naye alikuwa kiongozi.

"Ile ardhi inapumzika," akasema hatimaye. "Hazikwi mtu, halimi mtu, hali mtu. Mimi mwenyewe, Mungu shahidi yangu, sijaonja hata kidole kimoja."

Ukuta wa mbele yake ulikuwa buluu. Picha ya Familia Takatifu ilikuwa buluu, hata Mtakatifu Yosefu na ndevu zake. Ilikuwa buluu ya majivu ya miaka mingi, iliyokolea kuliko ya Auleria, mdomo wa mtu anayekula asubuhi na jioni.

Mbonimpa, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema polepole kutoka mlangoni, "Mimi nilikuwa natumwa kumpelekea mikungu tu."

"Nyamaza," Projest akasema, kwa rangi ya chungwa.

Hakuna aliyeshtuka. Mama mmoja alianza kukunja kitenge chake. Mwingine akasema mvua imekatika, twende kabla haijarudi. Balozi akainuka, akaeleza kwamba tumbili ni wengi, kwamba mpaka ni milamula na utabaki kuwa milamula, kwamba pengine alipita njiani akavuta hewa ya ndizi za watu, kwamba mwaka huu mafua yamekuja na rangi. Auleria alifunga mdomo wake akamkonyeza binti yake afunge wa kwake, ili mwanga uwe wa Balozi peke yake. Balozi akaendelea kukana, akigeuka kwa huyu na kwa yule, na kwa kuwa alikana kwa kirefu, kila mtu alipata viatu vyake.